Mwenendo wa Kula na Uzima wa Mwili na Moyo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetuumba kisha akaturuzuku, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi aliinuka mzee mmoja akauliza suala ambalo ndilo sababu ya kuandikwa somo hili. Alisema: "Sheikh wangu, mimi nina sukari na presha. Kila asubuhi nala habbasoda kijiko kimoja na asali kijiko kimoja, kwa kuwa nimesikia kwamba hizo ni katika dawa za Mtume. Mbona sioni nafuu?" Nikamuuliza: "Baada ya hiyo habbasoda, mzee wangu, waamsha kinywa kwa nini?" Akajibu: "Kwa mahamri manne na mbaazi za nazi, na chai ya maziwa vikombe viwili." "Na mchana?" "Wali wa nazi na mchuzi." "Na alasiri?" "Kahawa barazani, na halua, kama watu walivyo." Nilipofika kumuuliza ya usiku watu wakacheka, naye mwenyewe akacheka, kwani jawabu lilikuwa limekwisha kudhihiri.

Lakini mimi kicheko kile kilinirudia mwenyewe, kwa kuwa mchana wa siku ile ile nilikuwa nimealikwa walima, nikala biriani hatta nikaiona Alasiri ni nzito. Basi haya niyaandikayo naiusia nafsi yangu kwanza, kisha ndugu zangu.

Makosa ya mzee yule ndiyo makosa yetu sote. Twakitazama chakula kimoja kimoja: hiki ni dawa, hiki ni sumu, hiki chaleta baridi, hiki chaleta nguvu. Wala hatuutazami mwenendo mzima wa kula kwetu tangu kuamka hatta kulala, na tangu mwezi wa Muharram hatta Dhulhija. Na mwili haujengwi wala hauharibiwi na kijiko kimoja. Hujengwa au huharibiwa na mazoea. Hili ndilo litakalobainishwa katika somo hili, inshaallah.

HALALI NA KIZURI

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu amewaamrisha watu wote wale katika vilivyomo katika ardhi vilivyo halali na vilivyo vizuri. Ametaja sifa mbili, wala si moja. Sisi watu wa pwani, alhamdulillahi, twaishika sana sifa ya kwanza. Nyama hatuinunui hatta tujue ni nani aliyechinja. Lakini ile sifa ya pili, ya kuwa kizuri, ni nani kati yetu aiulizaye? Mafuta yaliyokaangiwa bajia tangu asubuhi hatta yamekuwa meusi ni halali. Chupa tatu za soda kwa siku moja, kila chupa peke yake ni halali. Lakini je, ni kizuri kwa mwili huu tuliopewa amana?

Tena katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, kisha papo hapo tukakatazwa israfu. Israfu haikutajwa kuwa ni ya chakula cha haramu. Imetajwa juu ya chakula cha halali. Basi mtu aweza kumuasi Mola wake kwa sinia ya pilau iliyo halali tangu mchele wake hatta nyama yake, kwa kuvuka mpaka tu.

Na mpaka wenyewe Mtume, rehema na amani zimshukie, ametubainishia katika hadithi aliyoipokea Miqdam bin Ma'dikarib, nayo imo katika Tirmidhi: kwamba hapana chombo kiovu akijazacho mwanadamu kuliko tumbo lake, na kuwa yamtosha matonge machache ya kumsimamisha mgongo wake. Na ikiwa hana budi kuzidisha, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi. Na afikiri kila mtu, akiondoka penye futari, ile theluthi ya pumzi huwa imebaki?

MWANZO WA UTABIBU NI KUJIZUIA

Imamu Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra (1350), ameeleza katika kitabu chake Zad al-Ma'ad kwamba misingi ya utabibu ni mitatu: kuhifadhi afya, kujikinga na chenye kudhuru, na kukitoa mwilini kilichokwisha kudhuru. Na yote mitatu ameitolea dalili katika Qurani. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kufungua katika Ramadhani, ili afya ihifadhiwe. Anayedhurika na maji ameruhusiwa kutayamamu, nako ndiko kujikinga. Na mwenye kuhirimia Hija akiwa na adha kichwani ameruhusiwa kunyoa, nako ndiko kukitoa chenye kudhuru. Tazama basi: katika mitatu, miwili ya kwanza ni ya kabla ya maradhi. Sisi tumeishika ya tatu, tena tumeishika kwa kuchelewa.

Na kujikinga huku, kunakoitwa kwa Kiarabu himya, Mtume amekufundisha kwa vitendo. Imepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi kwamba aliingia nyumbani kwa Ummul-Mundhir pamoja na Sayyidna Ali, naye Ali ndiyo kwanza atoke katika maradhi. Palikuwa na mikungu ya tende imetungikwa. Mtume akala, na Ali akataka kula, Mtume akamzuia kwa kuwa bado ni mdhaifu. Ummul-Mundhir akapika shayiri na mboga ya majani, hapo Mtume akamwambia Ali ale katika hicho, kwani ndicho kitakachomfaa zaidi.

Ndugu msomaji, lizingatie jambo hili. Tende ni chakula kilichosifiwa sana na Mtume, juu ya hayo alimzuia nacho mtu ampendaye, kwa ajili ya hali yake. Hakusema kwamba tende ina baraka basi haiwezi kumdhuru. Basi mwenye maradhi ya sukari ambaye daktari amemkataza asali, kisha akaila akidai kwamba afuata Sunna, hakuifuata Sunna. Sunna ya mtu huyo ni ile ya nyumbani kwa Ummul-Mundhir.

YANAYOPITA MWILINI

Tumpigie hesabu mtu wa wastani wa mji wetu. Akinywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, na kila kikombe akitia vijiko vitatu vya sukari, hivyo ni vijiko tisa, karibu gramu 36. Akiongeza soda moja ya mililita 300, ndani yake mna sukari ya gramu 30 au zaidi. Jumla imepita gramu 60, wala hatujahesabu halua, wala kaimati zilizorowa shira, wala sukari iliyomo ndani ya mahamri. Na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 2015 lilinasihi kwamba sukari ya kutiwa, pamoja na ya asali na ya maji ya matunda, isifike sehemu moja katika kumi ya nguvu apatazo mtu katika chakula, yaani kama gramu 50 kwa mtu wa kiasi. Na ikiwa nusu ya hiyo ni bora zaidi.

Sukari na unga mweupe zikiingia mwilini hugeuka haraka kuwa sukari ya damu. Kongosho hutoa insulini, nayo ndiyo ufunguo wa kuifungulia sukari iingie katika viungo ikatumike. Mtu akila namna hii mara tano na sita kwa siku, miaka nenda miaka rudi, akanenepa kiunoni na hatembei, viungo huzoea ule ufunguo visiufungukie. Kongosho nalo huchoka. Sukari hubaki ndani ya damu, ikala mishipa midogo ya macho, na ya figo, na mishipa ya fahamu ya miguu. Ndipo mtu akakanyaga msumari asihisi, kidonda kikawa hakiponi, na mwisho wake akakatwa mguu. Nani katika sisi asiyemjua mmoja wa namna hiyo katika mtaa wake?

Na chumvi ina habari yake. Shirika hilo hilo lanasihi isizidi gramu 5 kwa siku, nayo haipati kujaza kijiko cha chai. Sisi twaitia katika wali, tukaitia katika mchuzi, tukaongeza achari na ng'onda. Uchunguzi uliofanywa katika nchi yetu ya Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu. Maradhi haya hayana kelele. Mtu hutembea nayo miaka kumi, kisha siku moja akaanguka kwa kiharusi, watu wakasema amepigwa upepo mbaya.

Tena vimetuzidia vyakula vya viwandani vya kufungwa katika karatasi za kumeremeta, ambavyo watoto wetu huvinunua asubuhi wakienda chuoni. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani waliwaweka watu 20 mahali pamoja, wakawalisha wiki mbili vyakula vya namna hiyo, na wiki mbili vyakula vya kupikwa kwa vitu vya asili, wakawaachia wale watakavyo. Katika zile wiki za vyakula vya viwandani kila mmoja alikula kwa siku kiasi cha kalori 500 zaidi, na uzito ukaongezeka karibu kilo moja. Na vilivyowekwa mezani vilikuwa vimelinganishwa sukari yake na mafuta yake na chumvi yake! Vyakula hivi humfanya mtu ale kupita haja yake pasi na kujijua.

YANAYOPITA MOYONI NA AKILINI

Watu wengi wakisikia habari ya ulaji hufikiri tumbo tu. Lakini wanazuoni wetu wa zamani walijua kwamba mwili na nafsi ni majirani wa ukuta mmoja. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra (934), alitunga kitabu akakiita Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslaha ya miili na nafsi. Katika sehemu yake ya kwanza ameeleza afya ya mwili, pamoja na kula na kunywa. Na katika sehemu ya pili ameeleza maradhi ya nafsi, kama ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi. Akabainisha kwamba mwili ukiugua nafsi hupata taabu, na nafsi ikiugua mwili nao hupata taabu. Naye Imamu Ghazali, katika Ihya, amefungua kitabu cha kuvunja matamanio, yakiwamo ya tumbo, kwa kuwa aliona shibe ya kupita kiasi hufanya moyo mgumu na fahamu nzito.

Elimu ya leo yazidi kuyaonyesha haya. Ubongo wa mtu ni kama sehemu mbili tu katika mia za uzito wa mwili, lakini hutumia kama sehemu 20 katika mia za nguvu zake. Hulishwa na damu ile ile iliyolishwa na sinia yetu. Mishipa ikiharibiwa na presha na sukari, na ubongo hudhurika, kumbukumbu zikapungua kabla ya wakati wake.

Na mwaka 2017 ilitolewa huko Australia natija ya uchunguzi wa watu 67 waliokuwa na maradhi ya huzuni kuu, yale yanayoitwa sonona. Wengi wao walikuwa wakitibiwa tangu kabla. Baadhi yao walifundishwa kwa muda wa wiki 12 kuutengeneza ulaji wao: mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, kunde na jamaa zake, na samaki, na kupunguza vitamu na vya kukaanga na vya viwandani. Wengine walipewa mtu wa kuzungumza nao tu. Mwisho wa muda ule, katika waliotengeneza ulaji kama theluthi walikuwa wametoka katika ile huzuni kuu, na katika wale wengine ni sehemu 8 tu katika mia. Watu hawa ni wachache, na hatusemi kwamba chakula peke yake chatosha kuwa dawa. Mwenye huzuni isiyomwachia usingizi na aende kwa daktari, wala asiache dawa zake. Lakini angalia: hawakupewa kitu kimoja cha ajabu. Walibadilishiwa mwenendo mzima.

Na jambo hili lina asili kwetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, akifiliwa na jamaa yake alikuwa akiamrisha kupikwe talbina, nao ni uji wa shayiri, na akieleza kuwa amemsikia Mtume akisema kwamba humpumzisha mgonjwa moyo wake na humwondolea mtu baadhi ya huzuni.

Nami nawaogopea ndugu zangu katika mlango huu kuliko wote. Kijana wetu akiwa mzito, hana raha, hasira zi karibu, usingizi hana, jambo la kwanza twasema amerogwa au ana shetani. Twampeleka kwa mganga, fedha zatoka, kuku mweusi yuatafutwa, na kumbe kijana huyo hulala saa nane za usiku, huamkia soda, na wiki nzima hajaona jani la mchicha wala tunda. Tumeacha kutazama sinia iliyo mbele yetu tukaenda kutazama tusiyoyaona.

DASTURI TATU ZA KUTENGENEZWA

Ya kwanza ni futari. Ramadhani ni shule ya kujizuia, nasi tumeigeuza kuwa msimu wa kula. Sambusa, viazi karai, kaimati, tambi za sukari, mihogo ya nazi, sharubati, vyote kwa kikao kimoja; kisha mtu asimama Tarawehe akipiga miayo. Mtume alikuwa akifungua kwa tende chache, na asipopata kwa mafunda ya maji. Na tufungue hivyo, tuswali Magharibi, kisha tule chakula kimoja cha kiasi. Na mwenye maradhi ya sukari amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Ikiwa saumu itamdhuru, basi sharia imekwisha kumpa rukhsa.

Ya pili ni baraza. Kahawa tungu haina ubaya kwa wengi wetu. Ubaya ni sahani ya halua isiyokosa kila alasiri, na kukaa kitako hatta Isha. Halua na irudi mahali pake pa zamani, siku ya harusi na ya Idi.

Ya tatu ni matanga. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliwaamrisha watu wawapikie chakula watu wa nyumba ya Jaafar, kwa kuwa limewafikia jambo la kuwashughulisha. Sisi tumepindua. Mjane na mayatima ndio wapikao, tena pilau ya sufuria kubwa, kwa mkopo. Waliokuja kuwaliwaza hurudi wameshiba, na waliofiwa hubaki na deni juu ya huzuni. Hii si Sunna, na wala si huruma.

KUWAJIBU WANAOPINGA

Atasema msemaji: "Umri ni wa Mungu, atakaye kufa atakufa." Ni kweli. Lakini mwenye kusema hivyo akivuka barabara hutazama huku na huku. Tawakali ni baada ya kumfunga ngamia.

Atasema mwingine: "Mwataka kutuharimishia alivyotuhalalishia Mungu." Hasha! Hatuharimishi mahamri wala biriani. Twasema kila kitu kina kiasi chake na siku yake.

Na atasema wa tatu, naye ndiye mwenye udhuru wa kusikizwa: "Sisi ni masikini, samaki ni ghali, na mahamri yashibisha watoto." Ndugu yangu, ni kweli kwamba umasikini huamua mengi. Lakini pojo, kunde, mbaazi, mchicha, kisamvu, dagaa, muhogo wa kuchemsha, uji wa mtama au wa wimbi, papai na embe la msimu, hivi vyote vyapatikana Marikiti na Kongowea, na vingi katika hivi ndivyo vilivyowakuza babu zetu. Tumeviacha kwa kuona kwamba ni vya unyonge. Na soda ile tunayoinunua ili mgeni asituone wanyonge, bei yake ingenunua mchicha wa nyumba nzima.

TUFANYEJE?

Tusianze kwa makubwa yakatushinda. Amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, ijapokuwa ni kidogo. Mwezi huu tupunguze kijiko kimoja cha sukari katika kila kikombe. Mwezi ujao mboga ya majani isikosekane siniani, na nusu ya wali iwapishe kunde na samaki. Vya kukaanga viwe mara mbili kwa wiki. Maji yawe ndiyo kinywaji cha nyumba. Tuende msikitini kwa miguu. Tufunge Jumatatu na Alkhamisi anayeweza. Na kila mwenye miaka 40 akapime presha na sukari, asingoje kuanguka.

Na waume wasiwaachie wake zao mzigo huu peke yao. Mke atapika nini ikiwa mume hunung'unika asipoona nazi nzito na vitu vya kukaanga? Mwenye nyumba akila kwa kiasi, na watoto wake watakula kwa kiasi.

Mzee wetu wa darsa, nilimwambia aendelee na habbasoda yake kama daktari hana neno, lakini asali aiache na dawa za hospitali azishike, na mahamri manne yawe moja. Akanijibu: "Moja ni gumu, Sheikh." Nikamwambia: "Basi anza na mawili, nami nitaacha biriani ya pili." Tumepeana ahadi hiyo mbele ya watu, na twamwomba Mola atuwezeshe kuitimiza.

Ewe Mola, tupe afya ya miili yetu, na utulivu wa nyoyo zetu, na utujaalie tule ili tukuabudu, tusiwe wenye kuabudu matumbo yetu. Amin.

MASWALI YA KUDURUSU

1. Ni sifa gani mbili za chakula zilizotajwa katika Al-Baqara aya ya 168, nasi tumeisahau ipi?
2. Kisa cha Sayyidna Ali nyumbani kwa Ummul-Mundhir chatufundisha nini juu ya chakula kilichosifiwa na mtu aliye mgonjwa?
3. Taja misingi mitatu ya utabibu aliyoieleza Ibn al-Qayyim, na dalili ya kila mmoja.
4. Andika kila ulichokula na kunywa jana tangu Alfajiri hatta kulala. Je, ndiyo theluthi aliyotufundisha Mtume?